Kutambua si Kujua: Uso, Picha Iliyogeuzwa na Wajibu wa Mtazamaji

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, neno sura lina ukwasi wa maana ambao hauna budi kumfikirisha mhakiki. Sura ni uso wa mtu. Sura ni umbo au hali ya jambo. Sura ni mgawo wa kitabu. Tunaposema kuwa mgogoro fulani umechukua sura mpya, hatudai kuwa umekuwa mgogoro mwingine. Tunasema ni ule ule, ila umejitokeza katika hali ambayo hatukuizoea. Kitenzi kutambua nacho kina pande mbili. Anayetambua hubaini kuwa huyu ndiye. Pia hukubali na kukiri, kama vile dola moja inavyoitambua dola nyingine, au mahakama inavyoitambua haki ya mdai. Hivyo basi, msemaji wa Kiswahili anaposema "nimemtambua", huwa amesema mambo mawili kwa mpigo: kwamba jicho lake limefanya kazi yake, na kwamba nafsi yake imekubali kuwajibika kwa kile ambacho jicho limekiona.

Makala haya yanakusudia kuchunguza uhusiano wa mambo hayo mawili kwa kuzingatia suala mahususi, nalo ni namna watu wanavyotambua nyuso katika picha zilizogeuzwa. Kwa picha iliyogeuzwa tunamaanisha picha ya kamera ambayo imepinduliwa, imetiwa ukungu, imekatwakatwa na kuunganishwa upya, imetiwa giza, au ambayo baadhi ya viungo vyake vimekuzwa au kuondolewa. Maswali yanayotushughulisha ni mawili. Kwanza, tunapomtambua mtu katika picha ya namna hiyo, huwa tumejua nini? Pili, je, kutambua huko kunatupa haki gani ya kutenda lolote juu ya yule tuliyemtambua?

Hoja yetu ya msingi ni kwamba uwezo wa binadamu wa kutambua nyuso anazozifahamu ni imara mno kuhusu swali la "ni nani", ilhali ni dhaifu mno kuhusu maswali ya "yu katika hali gani" na "ametendewa nini". Aidha, tutajaribu kuonyesha kwamba uimara huo wa kwanza ndio unaouficha udhaifu wa pili. Hili si suala la saikolojia pekee. Ni suala la kimaadili, na fasihi iliwahi kulishughulikia kabla ya maabara kulipima.

2.0 Utambuzi katika fasihi: kovu na upinde

Aristotle, katika Poetics, aliuita utambuzi anagnorisis, akaufasili kuwa ni badiliko la kutoka ujingani kuingia katika kujua, badiliko ambalo huwaelekeza wahusika kwenye mapenzi au uadui. Ieleweke kwamba fasili hiyo haikomei kwenye kujua. Anayetambua hubadilika katika uhusiano wake na mwenzake. Katika kuziainisha aina za utambuzi, Aristotle aliuweka chini ule unaotegemea alama za mwilini kama vile makovu, akausifu zaidi ule unaochipuka kutokana na mtiririko wa matukio yenyewe. Hukumu hiyo ni ya kifani. Kimaadili, yamkini kovu linastahili heshima zaidi ya hiyo.

Tuangalie mfano ambao Aristotle mwenyewe aliutaja. Odysseus anarejea Ithaca baada ya miaka ishirini, naye Athena amemgeuza sura akawa mzee ombaomba. Yaya wake wa zamani, Eurycleia, anamwambia mgeni huyo kwamba hajapata kumwona mtu aliyefanana zaidi na Odysseus kwa umbo, kwa sauti na kwa miguu. Hata hivyo, hamtambui. Anamtambua pale tu anapomwosha miguu, kiganja chake kikagusa kovu. Erich Auerbach alikianza kitabu chake Mimesis (1946) kwa tukio hilo, akivutiwa na namna Homer anavyokiangazia kila kitu bila kubakiza kivuli. Sisi tunavutiwa na jambo jingine. Yaya alikuwa tayari ameuona ufanano, na akakataa kuugeuza ufanano huo kuwa uthibitisho. Duniani wawili wawili, wasema Waswahili, na Eurycleia alitenda kama mtu aliyeijua methali hiyo. Aliuacha ufanano ubaki kuwa ufanano mpaka ushahidi wa aina nyingine ulipojitokeza.

Mfano wa pili ni wa mwambao wetu, nao ni wa kinyume. Katika kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Muhammad Kijumwa alikitungia utenzi mwaka 1913, shujaa anachomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba. Anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, anauvuta upinde wake na kufa katika hali hiyo. Watu wa mji wanamwona kwa mbali na kumtambua. Kwa kuwa wamemtambua, hawathubutu kukaribia kuteka maji, maana wanamwona Liyongo akiwa na hasira na mshale tayari. Mama yake anaombwa aende kumbembeleza, naye anambembeleza maiti. Ukweli unadhihirika pale tu mwili unapoanguka.

Mtu anaweza kukisoma kisa hiki kama sifa kwa shujaa ambaye hata kifo chake kinatisha. Usomaji huo una haki yake. Lakini kiutambuzi, kisa hiki kinasema jambo zito zaidi: watu wa mji hawakukosea hata kidogo kuhusu aliyekuwa kisimani. Alikuwa Liyongo hasa. Walikosea kuhusu jambo moja tu, kwamba alikuwa hai, na hawakulichunguza kwa sababu walikuwa tayari wamelijibu swali la "ni nani". Hata mama, anayemjua kuliko wote, hakukingwa na ujuzi wake. Tutaona kwamba kosa hili lina muundo ule ule wa makosa ambayo picha zilizogeuzwa hutuingiza ndani yake.

3.0 Ushahidi wa maabara

Mwaka 1969, mwanasaikolojia Robert Yin alichapisha matokeo ya majaribio aliyofanya kwa picha zilizopinduliwa juu chini. Picha za vitu kama nyumba zilikuwa ngumu zaidi kukumbukwa zilipopinduliwa. Jambo hilo lilitarajiwa. Lililoshangaza ni kwamba nyuso ziliathirika kuliko vitu vingine vyote. Tafsiri iliyokubalika na wataalamu wengi baadaye ni kwamba uso hatuusomi kiungo kimoja baada ya kingine, jicho, kisha pua, kisha mdomo. Tunausoma kama mpangilio mmoja, kwa masafa yaliyopo kati ya viungo, na mpangilio huo huvurugika uso unapopinduliwa.

Mnamo 1980, Peter Thompson wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, alitoa mfano uliokuja kujulikana ulimwenguni kote. Alichukua picha ya Margaret Thatcher, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, akayakata macho na mdomo, akavigeuza juu chini na kuvirudisha mahali pake katika uso ule ule. Picha hiyo ikitazamwa ikiwa imepinduliwa, mtazamaji humwona Thatcher anayetabasamu, na kwa kawaida haoni kasoro kubwa. Ikisimamishwa wima, uso huwa wa kuogofya. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba hakuna kilichobadilika katika karatasi. Ukatili uliofanyiwa uso ule ulikuwapo tangu mwanzo, mbele ya macho yetu, na wakati huo huo tulikuwa tumekwisha kumtaja mwenye uso kwa jina. Kutambua kulitimia na uharibifu ukapita bila kuonwa.

Majaribio mengine yanaonyesha jinsi utambuzi unavyoweza kutosheka na habari chache. Leon Harmon na Bela Julesz, katika utafiti wao wa mwaka 1973, walitumia picha ya Abraham Lincoln iliyogawanywa katika miraba mikubwa, kila mraba ukiwa na kiwango kimoja tu cha weusi na weupe. Anayeitazama kwa karibu huona mchezo wa miraba. Akirudi nyuma, au akiyafinya macho, Lincoln hujitokeza. Maelezo yao ni kwamba kingo kali za miraba huongeza habari za uongo ambazo hufunika habari za kweli. Ukungu unapoziondoa kingo hizo, uso huachwa huru. Msanii Salvador Dalí aliitumia picha hiyo katika mchoro wake wa mwaka 1976, ambamo mwanamke anayetazama bahari huwa uso wa Lincoln mtazamaji akiwa umbali wa mita 20. Kwa hiyo kuna hali ambamo kuona vibaya ndiko kunakotuwezesha kutambua vizuri.

Kwa upande mwingine, yapo mabadiliko ambayo kwa mtazamo wa kwanza ni madogo lakini huuangusha utambuzi. Katika negativu, ile filamu ambayo weupe huonekana weusi na weusi weupe, kila mstari wa uso umehifadhiwa mahali pake, lakini watu hupata taabu kumtambua hata mtu wanayemfahamu. Javid Sadr, Izzat Jarudi na Pawan Sinha walionyesha mwaka 2003 kwamba kuziondoa nyusi katika picha za watu mashuhuri kuliathiri utambuzi zaidi ya kuyaondoa macho. Naye Sinha, pamoja na Tomaso Poggio, alikuwa amechapisha mwaka 1996 picha iliyoonekana kuwa ya Bill Clinton na makamu wake Al Gore wakiwa wamesimama pamoja. Watazamaji waliwatambua wote wawili bila wasiwasi. Kumbe sehemu ya ndani ya uso, yaani macho, pua na mdomo, ilikuwa ni ile ile ya Clinton katika vichwa vyote viwili. Kilichowatofautisha kilikuwa nywele, mzingo wa kichwa na mahali waliposimama. Makamu wa Rais alitambuliwa kwa sababu alikuwa pale ambapo Makamu wa Rais husimama.

Tukiyakusanya matokeo haya, tunapata picha ya uwezo ambao hukamilisha kazi yake mapema. Utambuzi wa uso haungoji ushahidi wote. Hupata kiasi kinachoutosha, kutoka katika mpangilio, katika nyusi, au katika muktadha, hutamka jina, na baada ya jina kutamkwa huacha kuuliza. Watu wa mji wa Liyongo hawakuwa wajinga kuliko sisi.

4.0 Anayefahamika na mgeni

Tofauti moja ni ya lazima kabla ya kuendelea. Mike Burton na wenzake walichapisha mwaka 1999 utafiti uliofanywa Glasgow kwa kutumia kanda za kamera za ulinzi zenye ubora duni. Kanda hizo ziliwaonyesha wahadhiri. Wanafunzi waliofundishwa na wahadhiri hao waliwatambua kwa usahihi mkubwa licha ya ubovu wa picha. Wanafunzi ambao hawakuwafahamu walifanya vibaya. Maafisa wa polisi, ambao nao hawakuwafahamu, hawakuwazidi wanafunzi hao, ijapokuwa kutambua watu ni sehemu ya kazi yao.

Mwaka 2011, Rob Jenkins na wenzake waliwapa watu kadi 40 za picha, wakawataka wazipange katika mafungu kufuatana na mtu aliyepigwa picha. Picha hizo zilikuwa za wanawake wawili tu, watu mashuhuri nchini Uholanzi, picha 20 kwa kila mmoja. Washiriki Waingereza, ambao hawakuwafahamu, walitengeneza mafungu mengi, baadhi yao zaidi ya kumi, kana kwamba mwanga, umri na tabasamu vilikuwa vimezaa watu wapya. Washiriki Waholanzi, kwa jumla, waliona wawili.

Funzo la tafiti hizi ni kwamba neno moja, kutambua, hufunika matendo mawili yasiyofanana. Kumtambua mtu tunayemfahamu ni kuirejesha picha katika historia ndefu ya kuonana naye: asubuhi na jioni, akiwa na furaha na akiwa na huzuni, akiwa na ndevu na akiwa amenyoa. Kumtambua mgeni ni kulinganisha picha na picha, na katika ulinganishi huo sisi sote ni wageni wa kazi. Tatizo la kimaadili huanza pale tunapochukua yakini tuliyoipata katika tendo la kwanza na kuitumia katika la pili. Kwa kuwa kila siku huwatambua watoto wetu, majirani wetu na walimu wetu bila kukosea, huamini kwamba sisi ni watambuzi hodari wa nyuso. Ukweli ni kwamba tu hodari wa nyuso zetu. Shahidi anayesimama kizimbani na kuapa kwamba uso alioutazama kwa dakika moja ni huu huwa hasemi uongo. Huwa anaazima yakini kutoka nyumbani kwake.

5.0 Mabadiliko yanayojitangaza na mabadiliko yanayojificha

Pingamizi mbili zaweza kutolewa hapa. Ya kwanza ni kwamba hakuna picha isiyogeuzwa. Lenzi hupinda, mwanga huchagua, na filamu yenyewe ina upendeleo. Pingamizi hii ina nguvu, na historia inaiunga mkono: kwa miongo kadhaa, kampuni ya Kodak ililinganisha rangi za picha zake kwa kadi zilizokuwa na picha ya mwanamke Mzungu, hivi kwamba ngozi nyeusi ilipotea gizani katika picha nyingi zilizopigwa kwa uaminifu kabisa. Mpiga picha hakugeuza lolote; kipimo kilikuwa kimekwisha kumgeuzia. Pingamizi ya pili ni kwamba kugeuza kwaweza kuwa njia ya kusema kweli. Gillian Rhodes, Susan Brennan na Susan Carey walionyesha mwaka 1987 kwamba michoro iliyotiwa chumvi na kompyuta ilitambuliwa kwa haraka zaidi kuliko michoro iliyofuata vipimo halisi vya uso. Wasomaji wa Kenya wanalijua hili bila kuambiwa. Katuni ambazo Gado alizichora katika Daily Nation kuanzia mwaka 1992 ziliwapa wanasiasa wetu nyuso ambazo hawakuzaliwa nazo, na hakuna aliyehitaji kuulizia ni nani.

Tunakubaliana na pingamizi zote mbili, na tunadai kwamba hazivunji hoja yetu. Katuni hutia chumvi waziwazi. Anayeitazama hujua kwamba ameingia katika mkataba na msanii, sawa na msikilizaji wa ngano anayejua kwamba sungura hasemi. Mkataba huo humwachia mtazamaji uhuru wa kukubali au kukataa hukumu ya msanii. Kosa la kimaadili halimo katika kugeuza kwenyewe. Limo katika kugeuza kunakojificha nyuma ya utambuzi, yaani kule ambako mtazamaji hupewa uso anaoutambua ili apokee pamoja nao hukumu ambayo hakuonyeshwa.

Mfano uliojadiliwa sana ni wa mwezi Juni mwaka 1994. O. J. Simpson, mchezaji mashuhuri wa zamani wa kandanda ya Kimarekani, alikamatwa kwa tuhuma za mauaji, na polisi wa Los Angeles wakampiga picha. Majarida mawili makubwa ya Marekani, Time na Newsweek, yaliiweka picha hiyo hiyo katika jalada la toleo la tarehe 27 Juni. Newsweek iliichapisha kama ilivyokuwa. Katika jalada la Time, ngozi ya Simpson ilikuwa imetiwa giza na kingo za picha zikazamishwa katika kivuli. Lawama zilipozuka, mhariri wa Time alieleza katika toleo lililofuata kwamba ilikuwa kazi ya msanii na kwamba hapakuwa na nia ya ubaguzi. Simpson aliachiliwa na baraza la mahakama katika kesi ya jinai mwezi Oktoba mwaka 1995.

Hatuna haja ya kuichunguza nia ya mhariri ili kuielewa kazi iliyofanywa na picha. Lau Simpson asingetambulika katika jalada lile, giza lisingekuwa na mahali pa kukaa. Giza lilimwingia kwa sababu kila msomaji alikuwa amekwisha kusema moyoni, "Huyu ni Simpson." Swali la "ni nani" lilijibiwa kwa ukweli, na jibu hilo la kweli likawa ndilo chombo kilichobeba jibu la swali jingine, ambalo mahakama ilikuwa bado haijalisikiliza. Zaidi ya hayo, giza hilo lilizungumza na wasomaji waliorithi historia ndefu ya kuuhusisha weusi na hatari. Haikuhitajika kuandika neno "mkosaji".

Ni muhimu pia kuuliza jinsi udanganyifu huo ulivyojulikana. Haukujulikana kwa kuitazama Time kwa makini zaidi. Ulijulikana kwa sababu Newsweek ilikuwa kando yake katika kibanda cha magazeti, kama vile uso wa Thatcher unavyofichua siri yake pale tu karatasi inapogeuzwa. Picha iliyogeuzwa haiwezi kujitolea ushahidi dhidi yake yenyewe. Jambo hili si geni kwa mhakiki wa tenzi za kale. Mwenye mswada mmoja wa utenzi, ulioandikwa kwa hati za Kiarabu na kunakiliwa na mikono mingi, hawezi kuona daima pale mnakili alipobadilisha neno, maana ubeti uliobadilishwa nao una vina na mizani. Anahitaji mswada wa pili. Ulinganishi, ambao kwetu ni mbinu ya kitaaluma, katika suala la nyuso ni wajibu wa kimaadili. Katika zama hizi ambapo kompyuta huunda uso wa mtu anayefahamika akisema ambayo hakuyasema, wajibu huo umekuwa mgumu zaidi, kwa kuwa huenda pasiwepo na picha ya asili ya kulinganishia. Hapo hatuna budi kurudi kwa Eurycleia na kutafuta ushahidi wa aina nyingine kabisa, nje ya sura.

6.0 Mtambuzi asiye na uso

Hadi sasa tumemzungumzia anayetazamwa. Yafaa tumgeukie anayetazama. Tarehe 24 Aprili 1954, serikali ya kikoloni ilianzisha Operesheni Anvil jijini Nairobi, msako mkubwa wa kuwatafuta waliodhaniwa kuwa wafuasi wa Mau Mau. Maelfu ya watu walikusanywa na kupitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Waliitwa kwa Kikuyu gakunia, yaani kigunia. Kigunia kikitikisa kichwa kwa namna moja, mtu aliachiliwa. Kikitikisa kwa namna nyingine, alielekea kizuizini.

Hapa uso mmoja uliwekwa wazi kabisa na mwingine ukafichwa kabisa. Aliyetambuliwa hakuweza kuuliza, "Wewe unanijua wapi?" Hakuweza kujua kama aliyemtaja alikuwa jirani wa miaka mingi au mgeni aliyemwona mara moja, na tumekwisha kuona kwamba tofauti hiyo ndiyo inayoamua thamani ya utambuzi. Hakuweza kujua kama kulikuwa na deni, wivu au mpaka wa shamba nyuma ya gunia. Utambuzi ulikuwa umeondolewa ile nusu yake ya pili tuliyoitaja mwanzoni, yaani kukiri na kuwajibika. Kilichosalia kilikuwa ishara ya kichwa.

Tunaona kwamba mashine za kutambua nyuso zinaturudisha katika hali hiyo. Mwezi Januari mwaka 2020, polisi wa Detroit, Marekani, walimkamata mwanamume mmoja mweusi mbele ya familia yake kwa sababu programu ya kompyuta ilikuwa imeihusisha picha hafifu ya kamera ya duka na picha ya leseni yake ya udereva. Alipoonyeshwa picha hiyo, aliishika kando ya uso wake ili wapelelezi walinganishe. Hakuwa yeye. Alikuwa tayari ameshinda kizuizini usiku mzima. Miaka miwili kabla ya hapo, Joy Buolamwini na Timnit Gebru walikuwa wamezipima programu tatu za kibiashara za kubainisha jinsia ya mtu kwa uso wake. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe, kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifikia asilimia 34.7. Kadi ya Kodak ilikuwa imepata mrithi.

Inaweza kudaiwa kwamba mashine, tofauti na kigunia, haina wivu wala deni. Ni kweli. Lakini uovu wa gunia haukutokana na wivu peke yake, maana yamkini baadhi ya waliovaa magunia walisema walichokiamini. Ulitokana na kwamba hapakuwa na wa kuulizwa. Mashine nayo hutoa ishara ya kichwa, na askari anayeipokea husema kwamba si yeye aliyetambua. Kila mmoja humwachia mwenzake lile tendo la kukiri, hata mtu akajikuta ametambuliwa bila kuwapo aliyemtambua.

7.0 Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba kumtambua mtu katika picha iliyogeuzwa ni jambo la kweli na lenye mipaka. Ni la kweli, kwa sababu nyuso tunazozifahamu hutufikia hata kupitia miraba, ukungu na chumvi ya katuni. Lina mipaka, kwa sababu jina likisha kupatikana, jicho huridhika na kuyapokea bila kuyauliza mambo mengine yote yaliyokuja na uso huo: mdomo uliogeuzwa, giza lililoongezwa, mwili uliokwisha kufa. Aidha, mipaka hiyo huwa myembamba zaidi tunapomtazama mgeni, na mara nyingi ni mgeni ambaye hukumu yetu humgharimu zaidi.

Kutokana na hayo, tunapendekeza kwamba kauli "nimemtambua" ichukuliwe kuwa mwanzo wa uchunguzi. Anayeitoa anapaswa kuwa tayari kusema anamjua mtambuliwa kwa njia gani, ameilinganisha picha yake na nini, na ni nani anayeweza kumpinga. Pale ambapo mtambuzi amefichwa, iwe ni kwa gunia au kwa programu, kauli hiyo inapoteza haki ya kuitwa utambuzi, hata kama kwa bahati itakuwa sahihi.

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili una mchango wa kutoa katika mjadala huu. Fasihi yetu imejaa visa vya kujigeuza sura, vya wafalme waliovaa matambara na wachumba waliokuwa majini, na kwa kawaida tumevisoma kama mapambo ya ngano au kama mafunzo mepesi ya kutohadaika. Visa hivyo vyaweza kusomwa upya kwa swali hili: ni nani, katika kila kisa, aliyetakiwa kuthibitisha, na kwa ushahidi gani? Methali inatuonya tusimwone simba amenyeshewa tukadhani ni paka. Watu wa mji wa Liyongo walimjua simba wao hata akiwa amenyamaza kisimani siku nzima, na bado palikuwa na swali moja ambalo hakuna aliyesogea karibu kuliuliza.